Hubert Lossa Maki, Aliyeipa Mashine Mkono Kila Asubuhi

Marehemu Hubert Lossa Maki alizaliwa Fataki, territoire, yaani wilaya, ya Djugu, tarehe 14 mwezi wa nane mwaka 1960. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Maki, mfugaji, na mama Gracia, mkulima wa maharagi. Wazazi walitarajia achunge ng'ombe. Yeye alipenda zaidi kufungua redio ya baba yake, na siku moja alipoifunga tena ilishika stesheni moja tu, ya kwaya. Mama alifurahi sana. Baba alimpeleka shule.

Alisoma shule ya msingi Fataki, kisha akaja Bunia kusomea umeme, na mwaka 1980 akapata diploma yake ya serikali. Walimu walimkumbuka kama mwanafunzi aliyesalimia darasa zima, mmoja mmoja, hata siku alizochelewa.

Kazi aliianzia Nia-Nia, akitengeneza jenereta za wafanyabiashara wa barabarani. Alirudi Bunia mwaka 1985, na tarehe 12 mwezi wa saba 1986 alifunga ndoa na Véronique Dhesi. Mungu aliwajalia watoto watatu. Vita vilipoikumba Djugu, nyumba yao ya Mudzipela, hapa Bunia, ilipokea ndugu wengi hata marehemu akalala miezi mingi kwenye kiti. Hakumwambia mtu kwamba kiti hicho kilikuwa na mguu mbovu.

Mwaka 2012 aliajiriwa na kampuni moja ya mtandao, katika kituo chake cha data hapa Bunia. Ni chumba baridi chenye makabati ya kompyuta kubwa, ziitwazo server, zinazotunza kazi za maofisi, mashule na hospitali. Diski ikifa, Papa Hubert aliitoa na kuweka mpya. Likizo aliisikia kwa wengine.

Mwaka 2023 alipatwa na ngiri. Daktari alimweleza wazi kwamba asipopasuliwa upesi, utumbo unaweza kubanwa na kumuua. Alikataa. "Nikilala ku hospitali," alisema, "nani atabakia na server?"

Kampuni ilimhurumia ikaleta roboti yenye magurudumu, kamera na mkono mmoja, iliyofundishwa kuzunguka kati ya makabati, kutafuta diski iliyokufa na kuibadilisha yenyewe. Fundi Fabrice aliileta kutoka Kinshasa. Marehemu aliahidi mbele ya familia: roboti ikibadilisha diski akiiona kwa macho yake, ataenda kupasuliwa.

Roboti haikubadilisha kitu. Ilitembea kidogo, ikasimama. Fabrice alibadilisha betri, akapangusa kamera, akapiga simu Kinshasa. Siku zilipita, na ngiri iliongezeka. Marehemu aliihurumia mashine. Kila asubuhi aliipa mkono, kama tunavyofanya kwa mwenzetu yeyote kazini, na kila alipopita aliiuliza habari za usiku. Wenzake walimfuata, mmoja nyuma ya mwingine.

"Papa Hubert, hii ni mashini," Fabrice alimwambia. "Haiombake bonjour."

"Mutoto wangu, na weye asubuhi nilikupatia mukono. Ulikufa?"

Ndipo mama Véronique alipomletea chakula, akasimama nje ya kioo cha chumba akitazama.

"Papa Annie!" aliita, kwa jina la binti yao wa kwanza. "Ukikaribia, inasimama. Ukitoka, inatembea. Ni weye njo unaifunga!"

Fabrice alishika kichwa. Roboti ilikuwa imetengenezwa isimame mtu akiwa karibu, ili isimuumize. Huko ilikotengenezwa, hakuna aliyefikiri kwamba watu wangepanga mstari kuisalimia.

"Sasa niipite bila salamu?" marehemu akauliza. "Kama mbuzi?"

"Isalimie vile unasalimiaka mama yangu," mama Véronique alimwambia. " Simama mbali, inama, pita."

Mwanaume yeyote wa kwetu anajua kwamba mama mkwe hapewi mkono. Marehemu alirudi nyuma hatua tatu, akainama. Kuanzia siku hiyo wafanyakazi waliiita roboti Bokilo, yaani mkwe, na wote waliiinamia kutoka mlangoni. Kesho yake Bokilo ilikwenda hadi mwisho wa chumba, ikatoa diski mbovu, ikaweka nzima. Marehemu alitazama kupitia kioo, mkono tumboni.

"Iko pole pole," alisema. "Lakini haiongeake sana." Kisha akamgeukia mkewe: "Véro, funga valizi ya hospitali."

Alipasuliwa tarehe 9 mwezi wa kumi 2023, akapona. Mwaka uliofuata alistaafu, yeye na mkewe wakahamia Mbunya. Huko aligundua kwamba mke wake huimba akiwa peke yake jikoni, na kwamba sombe, yale majani ya muhogo, huchukua muda mrefu kupikwa kuliko alivyodhani. Alimpeleka mjukuu wake Gracieuse shuleni, akagombana na jogoo wa jirani, akala chakula cha mchana mezani, jambo ambalo watoto wake hawakuwahi kuliona.

Mwishoni mwa mwaka jana moyo wake ulidhoofika. Jumanne, tarehe 3 mwezi wa pili 2026, baada ya kula, alisema anajinyoosha kidogo, aamshwe chai ikiwa tayari. Chai ilikuwa tayari. Hakuamka.

Jioni ile mama Véronique aliwaambia waombolezaji: "Miaka mingi niliolewa na kazi yake. Hii ya mwisho, niliolewa naye." Kisha akaomba watu wasilie kwa sauti kubwa, maana hakuwa amemaliza kusema habari zake.

Marehemu ameacha mjane, mama Véronique, watoto watatu, Annie, Constant na Emerance, wajukuu watano, na ndugu wengi, wakiwamo wale aliowaachia kitanda.

Mungu ampumzishe Hubert katika amani yake, wala asimpangie zamu.