Mchele wa Bwana na Sufuria ya Pyo Okbun

Wasikilizaji wapendwa, mlikuwa mkimwona. Msiniambie hamkumjua. Kila Jumapili Pyo Okbun alipita mbele yenu na sinia la mabakuli, nanyi mkainamia supu. Supu mliipenda. Aliyeipika hamkumtazama usoni. Basi leo mtamtazama, hata kama ni kwa masikio.

Pyo Okbun alifariki juzi, hapa kwetu Jinan, milimani Korea, kijijini Solgol. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Pyo Okbun wa Solgol hatunaye. Kesho asubuhi tunamzika. Aliacha ombi moja tu, kwamba ibada ya mazishi iongozwe na bintiye, Seol Miran. Miran amesomea theolojia, na ndiye aliyewafundisha watoto wenu sala. Wazee wa kanisa wamekataa. Mwanamke hapandi mimbarini, wamesema. Wakamwambia aende akasaidie kupika supu ya msiba. Msiba wa mama yake mwenyewe!

Ngojeni. Hasira nitaitoa baadaye. Kwanza tucheke, maana Okbun alikuwa mtu wa kucheka.

Desturi yetu mnaijua. Mama kabla hajainjika wali, huchota kijiko cha mchele kwa kila mtu wa nyumba yake, akakitia kwenye mfuko wa kitambaa. Hata mwaka wa njaa huchota. Jumapili mfuko unakwenda kanisani. Huo ndio mchele wa Bwana, na ndio anaokula mchungaji. Makanisa ya milima hii yamejengwa kwa vijiko vya wanawake.

Sasa, majira fulani ya baridi, Okbun akiwa bado mama kijana, mchungaji wetu alituacha akahamia mjini, kwenye kanisa lenye ngazi za mawe. Mimbari ikabaki tupu. Wazee wakaanza kugombana nani apande. Huyu alisema yeye ndiye mkubwa kwa umri. Yule akasema kiwanja alikitoa babake. Jumapili zikapita, tunasikiliza ugomvi badala ya Neno. Na mchele unazidi kuja, mfuko juu ya mfuko, mchungaji wa kuula hayupo.

"Uwekwe," aliamuru Mzee Kwak, mkuu wa wazee. "Umngoje mchungaji mpya."

"Mzee wangu, wadudu hawakungoja," Okbun akamwambia. "Njoo uone walivyonenepa. Wameokoka hawa."

"Mama, huu ni mchele mtakatifu!"

"Ndiyo maana naupika."

Akaupika. Tulizoea kuabudu kwanza, kula baadaye. Okbun aligeuza. Alipanga vimeza katikati ya kanisa, tukakaa sakafuni tukizungukana, mbele hakuna, nyuma hakuna. Tukala kwanza. Halafu kila mwenye jambo moyoni akalisema, na aliyeketi karibu naye akamwombea. Halafu Okbun akasoma kifungu kifupi, akatuuliza, "Haya, mmesikia nini?" Maisha yetu yote hakuna aliyewahi kutuuliza swali hilo.

Watu wakaanza kuja. Alikuja mlevi wetu. Alikuja mwanamke aliyeachwa, ambaye tulikuwa tukimpa mgongo. Siku moja akatokea hata mganga wa kijiji, yule mama wa ngoma na kengele.

"Sikuja kuabudu mimi," alitangaza mlangoni. "Nimefuata harufu."

"Harufu nayo ni wito, dada. Vua viatu, supu inapoa."

Akala, akaongezwa, akaimba nyimbo zetu kwa sauti iliyoimeza kwaya nzima. Tulicheka mpaka machozi. Sijaona tena kanisa lenye furaha kama lile.

Mzee Kwak alikuja wa mwisho kabisa, midomo ameivuta. Akauliza kwa kebehi, "Kwa hiyo ninyi wanawake mngeuongoza Ukristo tangu mwanzo, leo ungekuwaje?"

Miran alikuwa mtoto, lakini anakumbuka. "Mama hakuinua hata macho kutoka sufuriani," aliniambia jana. "Alisema, 'Mahubiri yangekuwa mafupi, Mzee. Wali ungeungua.'"

Kanisa likaangua kicheko. Kisha Okbun akaweka upawa chini.

"Ule mkate wa karamu ya mwisho, nani aliukanda? Kitabu hakisemi. Na kaburi lilipokuwa tupu, nani alikuwa pale asubuhi? Wanawake, na manukato mikononi. Wanaume walikuwa wamejifungia. Tukaambiwa nendeni mkawaambie. Tukaenda, tukawaambia. Mkasema tunapayuka, mkaturudisha jikoni. Tungeongoza sisi, swali la kwanza mlangoni lingekuwa: umekula? Dhambi zako tungeziuliza ukishashiba. Kugombana tungegombana, sikudanganyi. Tungegombania chumvi. Lakini watu wangekula."

Mzee Kwak akasogeza bakuli lake. "Niongezee, Mama."

Theluji ikayeyuka. Mchungaji mpya akaja, vimeza vikarudi stoo, Okbun akarudi jikoni. Hakuna aliyesema neno. Wewe unayenisikiliza hukusema neno. Nakukumbuka ulipoketi. Ulikuwa unafuta mdomo.

Okbun aliendelea kupika, akiendelea kutucheka. Lakini hakusahau. Ombi lake la mwisho ndilo jibu lake kwa miaka yote ile.

Pole sana Miran. Poleni wajukuu na Solgol yote. Mmepoteza mama, nasi tumepoteza mchungaji ambaye hatukuthubutu kumwita hivyo. Kila mmoja ajiulize amekula mara ngapi mikononi mwa mtu ambaye yeye mwenyewe alimnyima sauti.

Mkishajiuliza, inukeni. Akina baba wa Solgol, kesho jikoni ni kwenu. Nyama ya supu ya msiba mtaikata ninyi, pilipili mtaitia ninyi, moshi utawaliza ninyi. Wazee wa kanisa watangulie. Akina mama, msiguse hata kijiko. Kaeni viti vya mbele, na Miran apite katikati yenu mpaka mimbarini. Atakayetaka kumzuia, mpeni mwiko, mwambieni supu inafurika.

Okbun yuko kwenye jeneza, hawezi tena kuwapikia. Zima redio hii sasa hivi, ukatafute aproni.