Shomoro wa Zamu

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya kibanda cha fundi viatu, chini ya mti ambao matunda yake, membamba kama njiti, yananata kuliko gundi ya soli. Asubuhi hiyo shomoro alidondoka kutoka humo, mbawa zimegandamana kwa matunda hayo, akatua kando ya birika la kahawa. Mama mwenye nyumba alishatuonya: akifa ndege mwingine hapo, mti unakatwa. Na bila kivuli, kijiwe hakipo.

Kwetu anayeshika mfuniko wa birika ndiye mwenye zamu ya kusema. Siku hiyo Fundi alimwokota ndege huku akisema, na tangu hapo mfuniko ukasahaulika, ndege akachukua nafasi yake.

— Mti huu unakula nyama, alisema. Unanasa ndege, anaoza, mizizi inakunywa supu.

Dereva wa lori alimpokonya ndege taratibu.

— Kwa mdomo gani? Mbegu zinaomba lifti, kaka. Huyu kapakia kupita kiasi, ndiyo maana gari limelala.

Kinyozi akadai zamu yake, akamchukua ndege, akampapasa mgongoni.

— Nyie hamjui mapenzi. Kila ndege anakuja, anaimba, anaondoka. Mti umechoka kuachwa.

Mzee Stempu, mstaafu wa posta, alimpokea kwa mikono miwili.

— Hizo mbegu ni barua, wanangu. Gundi ni ya stempu. Mmemzuia tarishi akiwa kazini.

Hapo kijiwe kikawaka. Ndege akazunguka benchi mara ya pili, ya tatu, kila mmoja akimdai ili ajibu, huku mkono wa pili ukiwa na kikombe. Wote wakaapa kwamba lazima mtu amsafishe yule kiumbe, ila kwanza hoja imalizike.

Mama mwenye nyumba akatokea na panga.

— Ndege yuko wapi?

Stempu alimtazama Fundi, Fundi akamtazama Kinyozi. Viganja vyao vilikuwa vimejaa matunda yaliyobanduka mbawani, vimeota miiba kama nungunungu. Juu ya bati la kibanda shomoro alijikung'uta, mbawa safi kabisa, akatutukana kwa sauti nyembamba.

Mama alicheka hadi akakaa. Akaweka panga chini, akaomba kahawa.

Birika lilikuwa bado lina moto. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeweza kuachia kikombe ampe.