Mama Kamusi na Ukoo wa Neno Laki

Marehemu, ambaye majirani na wafanyakazi wenzake walimwita Mama Kamusi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkunga. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya soko, kisha sekondari ya bweni. Mwaka 1974 alihitimu shahada ya lugha, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika ofisi ya kamusi, chumba cha ghorofa ya pili kilichotazamana na gereji. Alifanya kazi humo hadi alipostaafu, huku nyundo zikigongwa chini kutwa nzima.

Mwaka 1979 aliolewa na fundi saa. Walipokuwa wachumba, fundi alimwuliza kazi yake hasa ni nini.

"Natafuta wazazi wa maneno."

"Na wazazi wako nitawatafuta wapi?"

"Wako nyumbani. Wewe tu ndiye unayechelewa."

Neno alilolipenda kuliko yote ni laki. Alipenda kusimulia, huku akikunja nguo, kwamba lilizaliwa katika Kisanskriti kwa jina la laksha, kwanza likiwa na maana ya alama, kisha mia elfu. Likapitia lugha za India, likafika kwetu na uzito wake wote. Nduguye, neno hilohilo lililokwenda visiwa vya mashariki ya mbali, alikonda njiani, akawa elfu kumi tu. Na lakiri, ile nta ya kufungia bahasha, huenda ni wa ukoo huohuo, kwa kuwa wadudu wanaotoa utomvu wake hukusanyika kwa malaki. Huenda. Wataalamu hawajakubaliana.

Januari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Kamusi yake ya asili za maneno ilikuwa inakaribia kuchapwa, naye alitamani jambo moja tu: aishike mkononi. Mwezi Mei aliletewa kurasa za mwisho azikague. Kwenye lakiri, "huenda" ilikuwa imeondolewa. Akaagiza mtambo wa kuchapia usimame. Mhariri alikuja mbio mpaka kitandani.

"Mama, tukisimama sasa tunapoteza zamu yetu ya kuchapa. Ni mpaka Septemba. Na daktari amesema..."

"Alichosema daktari nilikisikia mimi kabla yako."

"Kaneno kamoja, Mama! Nani atajua?"

"Wewe umeshajua. Kumpa mtu baba bila ushahidi ni kumsingizia, mwanangu. Rudisha."

Mhariri akairudisha, na zamu ikapotea.

Marehemu alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 2 Julai 2023. Alfajiri alimwuliza binti yake kama mtambo umeshawashwa. Akaambiwa bado.

"Vizuri," alisema. "Wasiharakishe."

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano na dada mmoja. Kamusi itatoka Septemba, na nakala ya kwanza atapelekewa mumewe.

Mungu ampe pumziko tulivu.