Mzee Aristides na Mlango Uliofungwa kwa Hofu

Tarehe 30 Juni 1985 Mzee Aristides Massawe anaiacha meza yake katika kiwanda chetu kidogo cha uchapaji, Mchafukoge, baada ya miaka ishirini na sita ya kuhariri vijitabu vya masomo ya Jumapili. Alikuja akitokea seminari, akiwa na kamusi ya Kigiriki na koti zito ambalo joto la Dar lilimvua kabla wiki haijaisha.

Wafanyakazi wapya wanamjua kwa kalamu yake nyekundu. Hata tangazo la msiba ubaoni alilisahihisha, kisha akaenda kuzika.

Ni yeye aliyeanzisha usomaji wa Ijumaa. Hakuna somo lililokwenda kwa wapanga chapa kabla ya kusomwa kwa sauti, mlango wa mbele ukiwa wazi, mbele ya jirani yeyote wa dini yoyote. Alitaka kujua wamesikia nini. Hawakukosa Marcelino, mchukuzi wa mizigo Kariakoo, na Zamzam, mwenye duka la vyakula tulilopakana nalo ukuta, Mwarabu aliyezaliwa Ilala.

Nimeombwa niandike kwa kuwa nilikaa naye chumba kimoja. Daktari hanipi muda mrefu, kwa hiyo nakiri na lile ambalo hotuba za kuaga huliruka: mwaka 1983 sote tuliogopa, na aliyeogopa kuliko wote alikuwa yeye.

Ulikuwa wakati wa msako wa wahujumu uchumi, waliodaiwa kuficha bidhaa. Maduka yalipekuliwa, watu walichukuliwa, na kila aliyekosa sukari alikuwa na watu wake wa kuwalaumu. Ijumaa moja tulisoma somo la Jumapili baada ya Pasaka: wanafunzi wamejifungia ndani wakiwaogopa Wayahudi. Marcelino akacheka.

"Kama hawa Waarabu wetu na sukari. Wote ni wale wale."

Wengine wakacheka naye. Zamzam akajitanda ushungi, akatoka. Kupitia ukutani tukamsikia akitia komeo mchana kweupe.

Mzee Aristides hakula siku hiyo. Aliandika somo upya: kwamba neno Wayahudi, kwa Kigiriki Ioudaioi, ni jina la watu wote wa Uyahudi; kwamba Yohana mara nyingi analitumia akiwasema wakuu wachache wa Yerusalemu; na kwamba waliojifungia walikuwa Wayahudi wenyewe, kama Bwana wao na mama yake. Mwenyekiti wa bodi akamuuliza anamtetea nani wakati kama huu. Akazikunja kurasa zake, akazitia mfukoni.

Ijumaa iliyofuata alisoma tena, mlango ukiwa wazi. "Aliyetenda atajwe kwa jina lake," alisema. "Tusimbebeshe jirani." Kabla hajamaliza, mgambo wawili wakasimama kizingitini.

"Wazee, yule Mwarabu anayeficha sukari yuko wapi?"

Karatasi ilichakarika mkononi mwa Mzee Aristides. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Upande wa pili wa ukuta walikuwamo Zamzam na wanawe, na mtoto mmoja alikohoa.

Marcelino hakuinuka. "Mwarabu yupi, afande? Tutajie jina."

Hawakuwa na jina. Walisimama kidogo, wakatutazama mmoja mmoja, wakaenda zao.

"Endelea, mzee," Marcelino akasema. "Wenzetu bado wamejifungia."

Somo likachapwa hivyo. Zamzam alirudi baadaye sana, akachagua kiti cha karibu na mlango. Mpaka leo hakai kwingine, nasi hatumuulizi sababu. Mzee Aristides naye hajaacha kutetemeka mtaani kila asikiapo watu wa jina moja wakilaumiwa kwa pamoja. Tetemeko hilo ndilo ningependa atuachie, kuliko kamusi.

Asante, Mzee Aristides, kwa kusoma huku unaogopa. Ukawe na siku njema huko nyumbani Kibosho, wewe na mkeo Mama Severa, na hofu ikibisha hodi isikukute peke yako. Ijumaa tutasoma, na mlango tutauacha wazi.