Ukurasa wa Mama Yenu

Tamar, niwekee mto mgongoni. Nawe Amosi, acha kusimama mlangoni kama mdai. Njoo ukae hapa kitandani, karibu na baba yako.

Nisikilizeni, wanangu. Nyumba ni yenu nyote wawili, msiigombanie. Saa ya ukutani ni ya Amosi, kabati la mti wa mwaloni ni la Tamar. Hayo yamekwisha. Kinachoninyima usingizi ni hiki kitabu ninachowaandikia wafu wa bwawa.

Bwawa la juu lilipobomoka na kulisomba bonde letu, Pickersgill mchapishaji alikuja hapa na matope ya mafuriko viatuni, akitaka maiti, maiti tu, na mkononi ana picha yake ileile ya meli inayozama, anayoichapa kwa kila msiba, hata kiwanda cha pamba kilipoungua! Mwacheni na meli yake. Mimi sijaandika jina la marehemu hata mmoja kabla sijaketi jikoni kwake, nikala mkate wa shayiri niliopewa, nikauliza aliishije. Alivyokufa kila mtu anajua. Amosi, wewe husema nakula kwa misiba ya watu. Basi nenda kwa mjane Hepworth uone kitabu changu cha wafu wa mgodi anakiweka wapi: ndani ya Biblia, mwanangu.

Nyumba zote nimezimaliza, imebaki moja. Hii. Maji yalimchukua Dorcas wangu, mama yenu, akikimbia kuwaamsha majirani, na kila nikishika kalamu mkono unagoma. Nampenda mno, siwezi kumwandika kama mtu aliyekwisha. Pickersgill anataka tuweke jina na umri tu. Mkatalieni.

Ukurasa huo uandike wewe, Amosi. Ndiyo, wewe usiyetaka. Tamar ana kalamu tamu, atampamba, na mama yenu hakuwa mtu wa kupambwa. Wewe uligombana naye kila asubuhi, unamjua. Keti jikoni kwake kama mgeni, dada yako akumiminie chai, akuulize mama aliishije. Usione haya kulia. Mimi nimelia katika kila jiko la bonde hili.

Nizikeni ubavuni pake, na mhubiri asirefushe. Mungu awaweke, awape meza isiyopungukiwa, na mpendane... Tamar, maji kidogo. Amosi, umeshika kalamu? Anza basi. Aliimba vibaya, tena kwa sauti kubwa... Uji wake uliungua kila... Usicheke, andika. Hilo la uji usilifute.

Sasa nisomee, mwanangu. Polepole... Nataka nimsikie akiingia.