Fundi Gundi na Mabawa Yasiyokuwepo

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Gundi kwa sababu vidole vyake havikutakata kamwe, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili wa seremala, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alimaliza darasa la saba mwaka 1973, akaishia hapo, mengine yote alijisomea mwenyewe, na aliyemcheka kwa hilo alijibiwa papo hapo.

Tarehe 2 Juni 1981 aliajiriwa kwenye makumbusho kuunganisha mifupa ya wanyama, na tarehe 20 Desemba 1986 alimwoa shemeji yetu, mshonaji, wakajaliwa mabinti wawili.

Tarehe 9 Februari 2004 lilipokelewa kasha la mifupa ya ndege mkubwa asiyeruka, wa jamii iliyotoweka zamani, mrefu kuliko mlango wa karakana, na marehemu, kwa haraka na mazoea, alijaza fomu ile ile ya ndege wote, akapiga tiki kuanzia fuvu hadi ukucha, pamoja na mstari wa mabawa. Wiki ya pili, alipofika mabegani, mifupa ya mabawa haikuonekana, mkurugenzi akaishika ile fomu, akasema mifupa imeibwa, marehemu akasimamishwa kazi. Hatutazunguka, mkurugenzi huyo yuko nasi leo, safu ya mbele. Tangu hapo mtaani kaka aliitwa Mwizi wa Mabawa, wanawe wakaimbiwa hivyo hivyo shuleni, naye hakuficha kosa lake, alisema tiki aliipiga bila kutazama, ila wizi, hapana.

Miezi saba alisoma vitabu, kamusi mkononi, akajua kwamba baadhi ya ndege hao walibakiza kamkono kadogo tu mahali pa bawa, na wengine hawakuwa na mkono hata chembe, ndipo akaingia karakana bila kuitwa, akamwekea mkurugenzi mfupa wa bega mezani.

"Nionyeshe mkono ulishikia wapi," alimwambia. "Ukipaona, nitawaita polisi mimi mwenyewe."

Mkurugenzi aliupapasa, akaugeuza, hapakuwa na tundu wala kishimo, akaurudisha mezani. Kesho yake marehemu alirudishwa kazini kimya kimya, lakini barua ya kumsafisha haikuandikwa, naye aliidai kila mwaka hadi alipostaafu mwaka 2018.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2021, akafariki tarehe 3 Mei 2023, wodi namba nne, asubuhi hiyo akiwa ameuliza tena kama barua imefika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta viti, wenzake wa karakana waliochonga jeneza hili, na mkurugenzi, ambaye leo, kabla jeneza halijafungwa, amemkabidhi shemeji yetu karatasi, nayo inasomwa kama ilivyo: "Hakuna kilichoibwa. Ndege yule hakuwa na mabawa, nami nilijua tangu siku ile aliponiwekea mfupa mezani." Imechelewa, tumeipokea, iko mfukoni mwa marehemu.

Pumzika kwa amani, Fundi, barua imefika.