Mama Peris Nangila wa Tuwan, na Kilichomuua

Mimi, shemeji yake, nilimjua marehemu Peris Nangila kwa biashara. Ilikuwa Machi 1993, Kitale. Nilikuwa na nyama ya maksai aliyelima mpaka akachoka, na kila mwenye hoteli aliibonyeza akanirudishia. Peris akaiangalia. "Hii ni kiatu, bana. Niuzie kwa bei ya kiatu." Nilimuuzia nikicheka. Kesho yake nilikula kwake nyama ileile, ikiachana na mfupa yenyewe. Siri, aliyonificha hadi tukawa jamaa, ilikuwa papai bichi: alilikuna, akaipaka nyama, akaiacha ijilainishe.

Alizaliwa tarehe 14 Aprili 1968, Kimilili, kwa wazazi wakulima. Alisoma hukohuko hadi Kidato cha Pili, 1984, karo ilipokatika. Mwaka 1987 alianza kuosha sahani Kitale. Kufikia 1992 alikuwa na hoteli yake mwenyewe mtaani Tuwan. Hakukopesha hata chai. Lakini kibarua wa mtaa wa mabanda wa Kipsongo aliyekosa kazi siku hiyo hakulala njaa, mradi aliteka maji.

Nilikuwa nikimtuma kaka yangu Wabwile ampelekee nyama. Baadaye akawa anajituma. Walifunga ndoa kanisani Bungoma tarehe 10 Desemba 1994.

Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, alikula chakula cha mchana Bungoma kwa mkazamwana wake Chepngeno, mke wa mwanawe Derrick. Jioni tumbo lilimshika, likachoma hadi mgongoni. Tulipomfikisha hospitalini, dada yetu Nasike alikuwa ameshahukumu: "Si nilisema? Huyo mkazamwana wa mlimani amemwekea sumu!"

Dkt. Cherop alitueleza mbele ya mgonjwa. Kongosho hutengeneza vimeng'enya vya kukata protini, yaani nyama, maharagwe, mayai. Hutoka vikiwa vimelala, na kuamka vikifika utumboni. Jiwe la nyongo lilikuwa limeziba njia, navyo vikaamkia mlemle ndani, vikaanza kulikata kongosho lenyewe. Jiwe hilo halikuwa la siku moja.

Peris akafungua macho. "Ati ni kama papai langu? Sasa linalainisha mpishi?"

"Ni hivyo, mama," daktari akasema.

"Basi, Nasike, sikia. Ulikula sufuria moja na mimi, ukaongeza. Mbona wewe hujafa?"

Hata Nasike alicheka, akaangalia pembeni. Peris akamshika Chepngeno mkono, akatuambia, Wabwile na mimi, kwamba jiko la Tuwan ni la msichana huyu.

Madaktari walijitahidi, lakini uharibifu ulifika kwenye mapafu na figo. Alituacha Ijumaa, tarehe 21 Februari.

Tangu hapo wako waliotaka Chepngeno arudishwe kwao, na jina lake litolewe kwenye programu hii ya mazishi. Mimi hununua ng'ombe baada ya kumfungua mdomo. Haya maneno ya sumu nimeyafungua mdomo. Hayana jino hata moja. Wazee wamekubali: Chepngeno anabaki, na funguo za hoteli anazo. Nasike amekubali pia, ingawa si kwa furaha.

Peris alipata nyama rahisi na nyumba iliyomheshimu. Sisi tulipata zaidi, na leo ndio tuliopunjika.

Ameacha mume wake Wabwile; watoto Derrick, Pauline na Kevin; na mkazamwana Chepngeno.

Yeye apumzike kwa amani. Na aliyempikia aachwe kwa amani.